Kabla hujahamia kampuni nyingine ya intaneti, mjue Erlang

Saa mbili usiku mjini Voi. Mama yuko sebuleni anatazama kipindi chake kwenye runinga. Dadako anayesoma chuo yuko chumbani kwenye darasa la video. Ndugu yako mdogo yuko TikTok, baba anatazama habari kwenye simu, na wewe unajaribu kupakua faili moja tu ya kazi. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Baba anauliza ni nani anamaliza Wi-Fi, na kila mtu anasema si yeye. Basi uamuzi unapitishwa hapo hapo: mwisho wa mwezi tunahama, kampuni hii imetuchosha.

Ngoja kwanza. Huenda mnafaa kuhama kweli. Lakini pia huenda mkahama, mkalipia kufungiwa upya, mkanunua ruta nyingine, kisha wiki ya pili kiduara kikarudi pale pale. Pesa zimeenda na shida imebaki.

Kuna mtu mmoja angekusaidia sana usiku huo, ila alikufa mwaka wa 1929. Hakuwahi kuona kompyuta. Hakuwahi kusikia neno intaneti. Lakini swali linalowasumbua hapo sebuleni yeye alilijibu zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa kalamu na karatasi. Anaitwa Agner Krarup Erlang, na kama una WhatsApp kwenye simu yako, basi kila siku unatumia kitu chenye jina lake. Tutafika hapo.

Mtoto wa mwalimu wa kijiji

Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, magharibi mwa Denmaki. Babake, Hans, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Mamake, Magdalene, alitoka katika ukoo wa makasisi, na mmoja wa mababu zake alikuwa Thomas Fincke, yule mwanahisabati aliyeleta majina ya tanjenti na sekanti. Ndiyo, zile zile zilizokutoa jasho Kidato cha Tatu.

Nyumbani kulikuwa na watoto wanne: kaka mkubwa Frederik, kisha Agner, kisha dada wawili, Marie na Ingeborg. Jioni Frederik akisoma kitabu, Agner aliketi upande wa pili wa meza na kusoma kitabu hicho hicho kikiwa kimegeuka juu chini. Kwake hiyo haikuwa shida. Alipenda pia nyota na sayari, hata akawa anatunga mashairi kuzihusu.

Alipofika miaka 14 alifanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Alikuwa mdogo mno hivi kwamba ilibidi apewe ruhusa maalum, na bado alipita vizuri sana. Sasa ungedhani kijana wa aina hiyo angebaki mjini. La. Alirudi kijijini akamsaidia babake kufundisha kwa miaka miwili, ndipo akaenda chuo kikuu mwaka wa 1896 kwa msaada wa masomo, kwa sababu familia haikuwa na pesa.

Hebu linganisha na huku kwetu. Mwaka huo huo wa 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Mwaka wa 1898, reli ikiwa imepita Voi na simba wa Tsavo wakiwatisha wajenzi wake, Erlang alikuwa kijana wa miaka 20 aliyezama katika hesabu. Alimaliza mwaka wa 1901. Somo lake kuu lilikuwa hisabati, pamoja na astronomia, fizikia na kemia.

Kisha akawa mwalimu kama babake. Kwa takriban miaka saba alifundisha katika shule mbalimbali. Hakuwa mtu wa makelele. Aliongea kidogo na hakuwahi kuoa. Lakini hesabu hakuiacha, na alikuwa akihudhuria mikutano ya chama cha wanahisabati wa nchi yake.

Laini ikishikwa, imeshikwa

Katika mikutano hiyo ndimo alimokutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Jensen mwenyewe alikuwa mwanahisabati hodari, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa ya simu. Alimjulisha Erlang kwa mkurugenzi wa kampuni, Fritz Johannsen, na mwaka wa 1908 Erlang akaajiriwa. Alikuwa na miaka 30.

Ili uelewe kazi aliyopewa, sahau simu yako ya mkononi kidogo. Wakati ule kila mazungumzo yalihitaji laini nzima ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa kijijini na unataka kuongea na mtu wa mjini, kituo cha kijiji kilikuunganisha kwenye mojawapo ya nyaya chache zinazotoka nje. Ukiongea dakika kumi, waya huo ni wako kwa dakika hizo kumi. Laini ikishikwa, imeshikwa. Nyaya zote zikiwa na watu, wewe unakosa.

Kampuni ingefanya nini? Ikimpa kila mwenye simu waya wake hadi mjini, itafilisika, kwa kuwa shaba ni ghali na nyaya nyingi zitalala bure mchana kutwa. Ikiweka nyaya chache mno, wateja watakasirika. Kwa hivyo swali lilikuwa hili: ni nyaya ngapi zinatosha?

Hilo ndilo swali mnalojiuliza nyumbani, mnasema tu kwa maneno mengine. Mbps 10 zinatosha? Au 20? Au tuchukue ile kubwa kabisa tupumzike?

Alichokiona ambacho wengine hawakukiona

Erlang alikubali jambo moja tangu mwanzo: huwezi kujua nani atapiga simu dakika gani. Mwenye duka akipiga saa tatu leo, kesho atapiga saa tano. Lakini ukiwatazama watu wengi pamoja kwa muda wa kutosha, kuna mpangilio. Mwaka wa 1909 alichapisha makala, kwa Kidenmaki, akionyesha kwamba simu zinazopigwa ovyo ovyo zinafuata kanuni ya bahati inayojulikana katika hisabati, na kwa hivyo zinaweza kuhesabiwa.

Mwaka wa 1917 alichapisha kazi yake kubwa zaidi. Humo mlikuwa na fomula mbili zilizotumiwa baadaye duniani kote. Moja inakuambia ni wateja wangapi watakosa laini. Nyingine inakuambia ni wangapi watasubiri, na kwa muda gani.

Usiogope, hatuchambui fomula hapa. Chukua mfano mmoja tu wa kijiji cha kubuni.

Kijiji kina simu 10. Katika saa moja yenye shughuli nyingi, kila simu hutumika dakika 6. Mara 10 ni dakika 60. Yaani ukizipanga simu hizo moja nyuma ya nyingine, zinajaza waya mmoja kwa saa nzima barabara. Mtu asiye na subira atasema: basi waya mmoja unatosha, hesabu imekubali.

Hapo ndipo anapoanguka. Watu hawapigi foleni. Wawili watataka kuongea dakika ile ile, kisha dakika kumi zinapita bila mtu. Ukitumia fomula ya Erlang, waya mmoja utawakosesha nusu ya wanaopiga. Ukiweka nyaya 2, anakosa mmoja kati ya 5. Nyaya 3, mmoja kati ya 16. Nyaya 4, mmoja kati ya 65. Nyaya 5, mmoja kati ya 326.

Tazama hizo namba tena. Waya wa pili unaleta nafuu kubwa mno. Wa tano unaleta nafuu ambayo wengi hawataisikia, ila bei yake ni ile ile ya wa pili. Kwa hivyo kuna kiasi kinachotosha, na kukipata unahitaji kujua mambo matatu tu: watu wangapi, kila mmoja anashika laini kwa muda gani, na ni saa ipi wote wanaitaka.

Mtu wa ngazi na mashimo

Huenda unamfikiria Erlang kama mtu wa kukaa ofisini na karatasi zake. Sivyo. Kampuni ilikuwa imeanzisha maabara, yeye ndiye mkuu wake, lakini mwanzoni hakuwa na wasaidizi. Basi alikwenda kupima mwenyewe. Wakazi wa Copenhagen walimwona akitembea barabarani, nyuma yake mfanyakazi amebeba ngazi, wakifika kwenye shimo la nyaya Erlang anashuka kupima umeme uliopotea njiani.

Alitunga pia majedwali ya hesabu ambayo watu waliyasifu kwa usahihi. Mshahara wake alinunulia vitabu vingi vya hisabati, fizikia na nyota. Zilizobaki aligawa. Watu wenye shida walimfuata hadi kwenye maabara, naye aliwasaidia kimya kimya bila kujitangaza.

Hiyo tabia ya kushuka shimoni ndiyo ninayotaka uichukue. Hakukisia, alipima. Sasa turudi Voi tupime.

Hesabu ya nyumba yenu

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. GB ni wingi, ni sawa na lita za maji mliyotumia mwezi mzima. Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, ni upana wa bomba. Kampuni nyingi za Wi-Fi ya nyumbani zinauza upana wa bomba, wakati bando za simu zinauza lita. Ukitoka kwenye bando ukaenda kwenye Wi-Fi, umebadilisha kipimo chenyewe.

Daraja kati ya hivyo viwili ni hili: Mbps 1 ikitumika saa nzima bila kupumzika ni takriban GB 0.45. Liandike mahali.

Sasa tuseme nyumba yenu iko Mwakingali au Sofia, na laini yenu ni ya Mbps 10. Runinga inayoonyesha video safi ya HD huhitaji karibu Mbps 5. Video kwenye simu tuipe Mbps 2. Darasa la video tulipe 2 pia.

Runinga huwaka saa 3 kwa siku: GB 6.75. Simu tatu, kila moja saa 2 za video: GB 5.4. Kwa mwezi wa siku 30, runinga imekula GB 202.5 na simu GB 162. Dadako ana darasa la saa moja kwa siku 20: GB 18. Weka GB 10 za meseji, simu za WhatsApp na mambo madogo madogo. Jumla ni GB 392.5, tuseme 393.

Je, laini ya Mbps 10 inaweza kupitisha kiasi gani kwa mwezi ikifanya kazi usiku na mchana? GB 3,240. Kumbe nyinyi mnatumia kama asilimia 12 tu! Kwa hesabu hiyo laini yenu ni kubwa kupita kiasi, na baba ana haki ya kuuliza mnalalamikia nini.

Sasa fanya hesabu kama Erlang. Acha mwezi, chukua ile saa moja ya kuanzia saa mbili usiku. Runinga 5. Simu ya baba 2, ya ndugu yako 2, na yako iliyolala kando ikicheza video 2. Darasa la dadako 2. Kompyuta yako 2. Jumla ni Mbps 15, na bomba ni la 10.

Hapo ndipo kiduara kinapotokea. Nyumba ile ile, mwezi ule ule, asilimia 12 kwa hesabu moja na msongamano kwa hesabu nyingine. Anayeangalia jumla ya mwezi peke yake atanunua vibaya, kama yule aliyedhani waya mmoja unatosha kijiji kizima.

Tofauti moja ipo. Simu za zamani zikikosa laini zilikataliwa kabisa. Intaneti haikukatai, inakuweka kwenye foleni. Ndiyo maana unaona kiduara badala ya kusikia mlio wa laini kushikwa. Hata hiyo foleni ndiyo aliyoishughulikia katika fomula yake ya pili.

Kwa nini jirani yako naye anakuhusu

Erlang alionyesha jambo lingine ambalo kampuni za intaneti zinalijua vizuri, na wewe pia unafaa kulijua. Chukua vijiji kumi kama kile cha juu. Kila kimoja kikijitegemea na kikitaka mtu chini ya mmoja kati ya 100 akose laini, kinahitaji nyaya 5. Jumla 50. Lakini vijiji vyote kumi vikitumia fungu moja la nyaya, 18 zinatosha kwa huduma ya kiwango hicho hicho. Wengi wakishiriki, nafasi ambayo huyu haitumii inamfaa yule.

Hivyo ndivyo Wi-Fi yako inavyokuwa ya bei nafuu. Nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na kutoka pwani intaneti inasafiri bara kwa faiba. Lakini hakuna anayekuwekea waya wako peke yako kutoka Mombasa hadi mlangoni kwenu. Mtaa mzima mnashiriki. Kampuni ikiwa imepima vizuri, hamtaona tofauti. Ikiwa imeunganisha nyumba nyingi mno kwenye fungu dogo, saa mbili usiku mtaa mzima unalia pamoja, hata kama karatasi yako inasema Mbps 20.

Kwa hivyo usimuulize rafiki yako aliye Nairobi kampuni gani ni nzuri. Muulize jirani wa mtaa wako, tena umuulize kuhusu saa mbili usiku. Kampuni inayosifiwa Westlands inaweza kuwa imejaa kule Birikani, na kinyume chake.

Fanya hivi wiki moja

Huhitaji kuwa mwanahisabati. Chukua daftari au hata ukurasa wa simu, na kwa siku saba fanya mambo manne.

La kwanza, hesabu vifaa. Ingia kwenye ruta kwa kuandika ile anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usishangae ukikuta simu usiyoijua. Huenda neno la siri limefika hadi kwa jirani, na huyo ni mtu wa sita mnayemlisha. Libadilishe kwanza, kisha upime.

La pili, kwenye mipangilio ya kila simu fungua sehemu ya matumizi ya data, upande wa Wi-Fi kama upo. Itakuonyesha ni programu gani inakula GB ngapi. Mara nyingi mlaji mkubwa si yule anayelaumiwa. Inaweza kuwa simu ya mama inayotuma picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, au koni ya gemu inayopakua gemu moja la zaidi ya GB 100.

La tatu, kila usiku saa mbili na nusu andika nani yuko kwenye nini. Jumlisha Mbps kama tulivyofanya. Chukua usiku mzito kuliko wote, hiyo ndiyo namba yenu.

La nne, pima kasi saa hiyo hiyo, mara mbili: ukiwa umesimama kando ya ruta, kisha ukiwa kile chumba kinacholalamika. Wakati wa kupima, wengine wasimamishe video zao kwa dakika moja, la sivyo utapima mabaki tu.

Baada ya wiki utajikuta katika mojawapo ya hali hizi.

Kama unalipia Mbps 20, kando ya ruta unapata karibu 20, lakini chumbani unapata 4, basi shida ni kuta na mahali mlipoweka ruta. Itoe nyuma ya runinga, iweke juu na katikati ya nyumba. Ukihama kampuni, kuta mtahama nazo.

Kama unalipia 10, unapata 10, na hesabu yenu ni 15, kampuni haina kosa. Pandeni kifurushi, au msogeze mizigo. Masasisho ya simu na gemu yawekwe saa nane usiku. Punguza ubora wa video kwenye simu, kioo kidogo hakihitaji HD. Hilo la pili halikugharimu hata bob.

Kama unalipia 20, na usiku baada ya usiku unapata 6 ukiwa kando ya ruta, ilhali alfajiri unapata 20, basi fungu la mtaa limejaa. Hapo hama bila kujuta, maana sasa una ushahidi wa siku saba mkononi. Wapigie kwanza uwasomee hizo namba. Mteja mwenye namba husikilizwa haraka kuliko anayesema tu kwamba net ni mbaya.

Na ukihama, kumbuka chaguo zako zinategemea unakoishi. Mjini Voi unaweza kulinganisha faiba ya kampuni moja na nyingine. Ukipanda milima kuelekea Wundanyi, au ukienda mbali upande wa Taveta, huenda ukategemea ruta ya laini ya simu inayoona mnara, au setilaiti kama Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka wa 2023. Kilima kimoja kati yako na mnara kinaweza kuharibu hesabu nzima, kwa hivyo omba wakujaribishie nyumbani kwako kabla ya kulipa.

Uliza pia maswali ambayo tangazo halisemi. Ruta ni yenu au ni yao? Kufungiwa ni pesa ngapi? Je, kuna kikomo cha GB ambacho mkikipita kasi inashushwa? Hapo ndipo ile jumla ya GB 393 inapofaa, maana kikomo cha GB 300 kingewakuta kabla mwezi haujaisha. Na waya ukikatika Ijumaa jioni, fundi anatoka hapa Voi au anasubiriwa kutoka Mombasa?

Jina lililobaki

Erlang alifanya kazi katika kampuni ile ya simu kwa karibu miaka 20, na inasemekana hakuwahi kukosa kazini kwa ugonjwa. Januari 1929 akaugua, akalazwa hospitalini Copenhagen kwa upasuaji wa tumbo. Alifariki tarehe 3 Februari 1929 akiwa na miaka 51. Hakuacha mke wala mtoto.

Kazi yake ilikuwa tayari imevuka mipaka. Posta ya Uingereza, iliyoendesha simu za nchi hiyo, ilitumia fomula yake. Mtafiti mmoja wa maabara za Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmaki ili tu asome makala zake zilivyoandikwa. Mwaka wa 1946 kamati ya kimataifa ya simu ilikubali kwamba kipimo cha shughuli za laini kiitwe erlang. Laini moja ikishikwa saa nzima, hiyo ni erlang 1. Kile kijiji chetu cha simu 10 kilikuwa na erlang 1.

Na WhatsApp? Miaka ya 1980 wahandisi wa kampuni ya Ericsson nchini Uswidi walitengeneza lugha ya kuandikia programu za mitambo ya simu, lugha inayoweza kuhudumia watu wengi mno kwa wakati mmoja bila kuzimia. Wakaiita Erlang. Walioanzisha WhatsApp mwaka wa 2009 walichagua lugha hiyo kwa seva zao. Meseji uliyotuma leo asubuhi kwenye grupu ya familia ilipita humo.

Kwa hivyo leo saa mbili usiku, badala ya kubishana ni nani anamaliza Wi-Fi, fungua daftari na uanze siku ya kwanza. Mwisho wa mwezi uko mbali bado, na wiki moja inatosha.